Fadhaa ya Mwenyeji Usiku wa Idi

Miongoni mwa sikukuu zote zinazoadhimishwa na watu wa pwani yetu, hapana inayomjia mwenyeji kwa ghafula kama Idi ya Mfunguo Mosi. Kwa maana siku yake, ingawa imengojewa mwezi mzima kwa njaa na kiu na sala za usiku, haijulikani kwa yakini mpaka jua la siku ya 29 ya Ramadhani limekwisha kuchwa na macho ya watu yameelekea magharibi. Mwezi ukionekana, kesho ni sikukuu na wageni. Usipoonekana, Ramadhani hutimizwa siku 30, na kesho ni saumu kama jana. Aliyekwisha kuandaa kila kitu huenda akalazimika kukilinda kisiharibike mpaka keshokutwa, na aliyejipa moyo kwamba bado anao wasaa wa siku moja husikia takbiri zikipandishwa msikitini naye hajakuna hata nazi moja.

Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, Idi haikai katika majira mamoja, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa imeyazunguka yote. Mtu mmoja katika umri wake huonja Idi za kaskazi, zenye joto na maembe, na huonja Idi za masika, ambazo makaa huwa yamelowa, kuni hutoa moshi pasipo moto, na nguo za watoto huanikwa ukumbini juu ya vichwa vya watu. Mazoea ya miaka mitano iliyopita hayamfai sana mwenyeji ambaye mwaka huu ameamkiwa na mvua.

Basi na tuitazame nyumba ya mtu wa kadiri, asiye tajiri wala fakiri, jioni hiyo. Futari imeliwa kwa haraka, na vyombo vyake vingali uani havijaoshwa. Kanzu ya mtoto wa pili iko kwa fundi, naye fundi ana kanzu za mtaa mzima. Zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja ya chakula cha watu wa mji kwa kila kichwa cha nyumba, yaani kama kilo 2.5 za mchele kwa kipimo cha siku hizi, haijapimwa, nayo yapasa kumfikia mwenye haki yake kabla watu hawajasimama kusali sala ya Idi. Redio imewekwa dirishani, inasoma habari za mambo mengine, na kila sauti ya msomaji inapobadilika watu wote hunyamaza, wakidhani kwamba sasa Mufti, au Kadhi Mkuu kwa walio Kenya, atatajwa. Katika nyumba nyingine liko na la zaidi ya hilo, nalo ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawafuati mwezi mmoja: huyu husubiri mwezi uliotangazwa nchini, na yule huufuata mwezi ulioonekana popote duniani, hata mama akawa na mtoto anayefunga na mtoto anayekula, na wageni wa Idi mbili. Sitaki kuingia katika hoja za wanazuoni, ambao kila upande una dalili zake. Ninalolitaja ni la jikoni, kwamba mpishi hupika mara mbili, na hakuna aliyemwuliza.

Hali inayompata mwenyeji katika saa hizo ina sura yake. Nimemwona mama wa nyumba, mtu mwenye akili timamu na mikono hodari, amesimama katikati ya jiko, upawa mkononi, macho yakitembea kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye ungo, na kutoka kwenye ungo kwenda kwenye kinu, naye hakumbuki ameinuka kuchukua nini. Kazi zote zimemsimamia kwa pamoja, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya kwanza. Akianza kuchagua mchele, hukumbuka nyama. Akiiendea nyama, hukumbuka kwamba mapazia hayajatundikwa. Na kwa kuwa kila jambo ameligusa na hapana aliloliishiliza, usiku huonekana umepita na kazi imebaki vilevile. Hii ndiyo fadhaa, na asiyepata kuipika karamu kwa mikono yake huidharau akaiita uvivu au ukosefu wa tadbiri. Hakuna dhuluma ndogo kama hiyo inayouma zaidi.

Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na dawa moja kwa mtu aliyekamatwa na hali hii. Hakumwambia atulie, wala hakumhesabia kazi zilizosalia. Alimwita taratibu, "Mwanangu, njoo unioshee hili sinia." Likaoshwa sinia, likafutwa, likaegemezwa ukutani, kisha akamwambia, "Sasa la pili." Na sinia la pili lilipokwisha kuoshwa, moyo wa yule mtu ulikuwa umerudi mahali pake, kwa sababu amekwisha kuona kitu kimoja kimeanza na kimemalizika. Ndipo bibi alipomweleza mpango wa usiku, na mpango wake ulisimama juu ya kuvijua vitu vinavyomngoja mtu na vitu visivyomngoja.

Vileja na visheti humngoja mtu. Hupikwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, mwanga wa asubuhi ungalipo na mikono haijachoka, vikatiwa ndani ya makopo yenye vifuniko vya kubana, na juu ya kopo ikafungwa kanga ili watoto wasilifungue pasipo kusikika. Bizari huchaguliwa, hukaangwa na kutwangwa mapema; thomu humenywa; mchele hupepetwa na kutolewa chenga na vijiwe mchana wa siku yoyote. Halua haipikwi nyumbani ila kwa nadra, maana kazi yake ya kukoroga wanga na sukari na samli kwa masaa mengi katika sufuria kubwa ni kazi ya mafundi wake. Hununuliwa, na mwenye busara huiagiza kabla watu hawajapanga safu mlangoni. Ngano ya bokoboko hurowekwa mwezi uonekane usionekane, kwa sababu ngano iliyoroweka haimkasirikii mtu. Ikiwa kesho ni Idi, hubandikwa pamoja na nyama usiku kucha juu ya moto mdogo mpaka vyote viwili vimesalimu amri, kisha hupondwa kwa mwiko hata ikavutika. Lakini tui halimngoji mtu. Tui likamuliwalo usiku huamka limechacha, na joto la Unguja halina huruma nalo. Kwa hiyo nazi za tambi hukunwa alfajiri, na anayezikuna lazima awe amejulikana tangu usiku. Nimepata kuona ugomvi mkubwa kuzuka katika nyumba ya watu wenye kupendana kwa ajili ya nazi ambazo kila mmoja alidhani mwenzake atazikuna.

Na pilau ina saa yake, wala haikubali kusukumwa. Vitunguu hukatwa vyembamba, hutiwa katika mafuta yaliyopata moto, na hapo mpishi hawezi kutoka, kwa sababu rangi ya pilau nzima itatokana na vitunguu hivyo: vikitolewa upesi, chakula hupauka, vikiachwa kitambo kidogo kupita kiasi, uchungu wake hauondoki tena hata ukitia viungo vya nchi nzima. Huingia thomu na tangawizi iliyopondwa, huingia bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama iliyokwisha kuchemshwa, kisha viazi, kisha supu yake kwa kipimo, na mwisho mchele uliorowekwa. Maji yakianza kukauka na mchele ukionyesha vijishimo juu yake, sufuria hufunikwa, moto wa chini hupunguzwa, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Kutoka hapo hakuna la kufanya. Mpishi aliyekuwa akikimbia tangu usiku hulazimika kukaa juu ya mbuzi ya nazi au juu ya kigoda, akapangusa uso, akangoja. Nadhani watu waliokitengeneza chakula hiki walimhurumia mpishi, wakampa robo saa ya kupumzika ambayo hata mume mwenye haraka kuliko wote hawezi kumnyang'anya.

Katika visa vya wageni nilivyofundishwa utotoni, kimoja hunirudia kila Idi, nacho ni kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, kilichotajwa katika Sura ya Hud na tena katika Sura ya Adh-Dhariyat. Walimjia wageni asiowajua, wakamsalimu, akawarudishia salamu. Na pasi na kuwauliza kwamba wana njaa au hawana, aliondoka polepole akaenda kwa ahali zake, na haukupita muda akaja na ndama aliyenona, aliyekwisha kuchomwa, akawasogezea karibu. Wafasiri, na Ibn Kathir miongoni mwao, wameuangalia sana mwendo huo, wakaona ndani yake adabu zote za mwenyeji: kwamba alikwenda kwa siri, kwamba hakutangulia kuwaambia ngojeni nikawapikie, na kwamba hakuwataka wainuke wakifuate chakula. Wageni wale hawakuwa wanadamu, nao hawakula. Lakini hilo Ibrahim alikuwa hajalijua alipokwenda kwa ahali zake.

Mimi katika kisa hiki hujiuliza juu ya haraka. Kumpata ndama, na kumchinja, na kumchoma, na kumleta bila kukawia, ni kazi isiyoweza kufanywa pasi na mbio. Na mbio hizo zilikuwako, ila mgeni hakuziona. Huko nyuma ya pazia huenda watu waligongana, moto ukakataa kushika, kisu kikatafutwa kisionekane. Mgeni alichokiona ni mwenyeji aliyemjia kwa miguu ya taratibu na chakula mkononi. Na Kurani haikumsahau mke wa Nabii. Imesemwa kwamba alikuwa amesimama, na wamo wafasiri waliosema kwamba kusimama kwake kulikuwa ni kuwahudumia wageni, hali mumewe ameketi nao. Bishara ya kuzaliwa Is-haka ilipotoka vinywani mwa malaika wale, ilimfikia yeye aliyekuwa amesimama.

Hadi hapa huenda msomaji amekwisha kunikubalia kwamba taabu yote hii chanzo chake ni mwezi, na kwamba laiti siku ya Idi ingejulikana mapema, jiko lingetulia. Nami nilidhani hivyo zamani, mpaka nilipoitazama Idi ya Mfunguo Tatu. Siku ya Idi hiyo hujulikana mapema, kwa kuwa huwa tarehe 10, na mwezi wake huonekana mwanzoni; watu wote, kuanzia imamu hata mtoto wa chuoni, huwa na siku tisa za kujiandaa. Kweli, nyama ya udhiya haiwezi kuwako kabla ya sala, na mgawanyo wake, sehemu ya nyumba, sehemu ya jamaa na majirani, na sehemu ya mafakiri, ni kazi inayoanza wakati ule ule ambao wageni wameanza kubisha hodi. Hata hivyo siku tisa si haba. Na pamoja na siku hizo tisa, usiku wa kuamkia Idi ya Mfunguo Tatu mama wa nyumba husimama katikati ya jiko vilevile, upawa mkononi, asijue ameinuka kuchukua nini. Mwezi, basi, tumeusingizia.

Ninaloliona mimi ni kwamba kazi ya karamu iliwekwa na wazee wetu kwa kipimo cha mikono mingi, nasi tumeirithi kazi na kuipoteza mikono. Pilau, bokoboko, tambi, kaimati, sambusa, ndizi mbivu za nazi, kachumbari, mikate ya kumimina: mpangilio huu wa sinia haukuwahi kutungwa kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyetoka kazini saa kumi jioni akapanda daladala. Ulitungwa kwa ajili ya ua uliojaa shangazi na mawifi na majirani, mmoja juu ya mbuzi, mmoja kwenye kinu, mmoja kwenye shira, na bibi kizee juu ya kitanda cha kamba akiamuru.

Lakini tusiisifu zamani pasi na insafu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, amezieleza sikukuu zote mbili kama zilivyokuwa katika majumba ya baba yake. Na mwenye kuzisoma habari zile, pamoja na kustaajabia fahari yake, hana budi kuuliza ni nani waliokuwa wakipuliza moto. Walikuwa watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na sehemu kubwa ya ukarimu uliotajika wa majumba makubwa, kabla ya mwaka huo na hata miaka mingi baadaye, ilipikwa na watu ambao hawakupewa ruhusa ya kukataa wala mahali pa kuketi. Siitaki mikono ile irudi. Ninayoitaka ni ile mingine, ya jirani aliyekuja kwa hiari yake na kisu chake kifuani mwa kanga, kwa sababu na kwake kesho kutakuwa na wageni na wewe utakwenda. Hiyo haikufutwa na sheria yoyote. Imepungua kwa sababu tumejenga kuta ndefu, tumehamia mbali, na tumeanza kuona aibu kuonekana hatujawa tayari.

Aibu hiyo ndiyo inayoleta madhara zaidi. Mwenyeji aliyelemewa, badala ya kupunguza sahani, huongeza, akiogopa neno la mgeni mmoja ambaye pengine hata hakukusudia kulisema. Watu wa dini wana jina lao kwa kazi ifanywayo ili watu waione, nalo ni riya, na huionya nafsi juu yake katika sala na sadaka. Sioni kwa nini tusiionye katika pilau. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliliambatanisha jambo la kumkirimu mgeni na imani ya Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, wala sijapata kusikia kwamba alitaja idadi ya sahani. Nimekaa katika mabaraza ya Idi ambayo palikuwa na tende na kahawa na sahani moja ya tambi, na mwenyeji akaketi nasi akazungumza mpaka adhuhuri. Na nimekaa katika nyumba nyingine yenye vyakula visivyohesabika, na mwenye kuvipika sikumwona uso wake, wala hakupata kuvaa nguo yake mpya ila jioni, wageni walipokwisha kutawanyika. Watoto wa nyumba ile ya pili walikwenda Mnazi Mmoja kwenye viwanja vya sikukuu, wakanunua na kula na kupanda bembea, wakarudi na puto. Mama yao hakuwapo kuwaona walivyopendeza walipotoka.

Kwa hiyo neno langu la mwisho naliweka mbele ya wanaume wenzangu, maana aghalabu sisi ndio tunaoalika na wanawake ndio wanaopika. Sala ya Idi inapokwisha, watu wanakumbatiana na kusameheana, na ulimi wa mtu siku hiyo huwa mwepesi. Humwambia huyu, "Karibu nyumbani, sheikh," na yule, "Usipite bila kuonja pilau," na wa tatu, na wa saba, na kila mmoja ana watoto. Ni maneno mazuri, nami sipendi yakatike. Lakini kila karibu moja inayotoka kinywani mwetu pale uwanjani huwa ni kibaba cha mchele na sahani ya kuosha katika nyumba ambayo haijapata habari. Ndugu yangu, Idi ijayo uwe umewahesabu wageni wako kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, na umwambie mwenye jiko idadi yao na saa yao. Lipa hesabu ya halua mwenyewe, upime zaka ya fitri mwenyewe, uipeleke. Ukirudi kutoka msikitini usiku wa kuamkia Idi, usikae barazani kungoja kuitwa. Vua kanzu, jifunge kikoi, uingie uani, uulize ni kazi ipi iliyobaki, na hiyo utakayotajiwa, hata kama ni kuosha sinia, uifanye mpaka iishe.